Ulinzi wa wavuti uliokataa kuwaka: kisa cha kompyuta ya steshenari Tukuyu

Mwezi Julai 2024, katika wiki zile ambazo baridi ya Rungwe huwafanya watu watembee na makoti hadi saa tano asubuhi, nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye duka la steshenari mjini Tukuyu. Duka lake lina kompyuta mbili za mezani, mashine moja kubwa ya kutolea kopi na nyingine ya kulaminetia vyeti, na katika msimu huo hujaa vijana wanaojaza maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu. Tatizo alilonieleza lilikuwa fupi. Antivirusi ya kompyuta namba moja ilikuwa na alama nyekundu, na sehemu yake inayoitwa ulinzi wa wavuti, ile inayozuia tovuti hatari, ilikuwa haikubali kuwaka. Swichi ikibonyezwa hugeuka kijani, maandishi husema kwamba ulinzi unaanza, kisha baada ya kama nusu dakika swichi hujirudisha yenyewe na wekundu hubaki pale pale. “Mwanangu, inaamka halafu inalala tena,” alisema, na mpaka leo sijapata maneno mazuri kuliko hayo ya kuieleza dalili hiyo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kuwekewa Windows 10 baadaye. Toleo hilo wakati huo lilikuwa bado linapewa masasisho ya usalama, huduma ambayo ilifika kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Intaneti ya dukani hupatikana kwa modemu ndogo ya laini ya simu, na bando hununuliwa kwa wiki. Natanguliza mambo haya kwa sababu uzee wa mashine na bei ya bando vimo katika kila hatua ya kisa hiki, hata katika namna tatizo lenyewe lilivyozaliwa.

Siku tatu za kwanza nilifanya kazi kwa simu nikiwa Mbeya mjini, na nilifanya kosa ambalo mafundi wengi tunalifanya kwa mazoea. Nilimwagiza kijana wa dukani aiondoe antivirusi, azime na kuwasha upya kompyuta, kisha apakue na kusakinisha nakala mpya. Alifanya hivyo, na ulinzi wa wavuti ukaamka na kulala kama zamani. Nikamwambia arudie, safari hii kwa kutumia kiondoaji maalumu cha watengenezaji ili mabaki yote yafutwe. Akarudia, hali ikawa ile ile. Kila upakuaji ulikula zaidi ya MB 300 za bando la mama, na siku ya tatu, kwa adabu kubwa, aliniuliza kama kweli nina hakika na ninachokitafuta. Sikuwa na hakika. Nilikuwa nakitibu kitu kilicholalamika bila kuuliza kinalalamikia nini.

Siku ya nne kijana alinitumia kwa WhatsApp picha ya kioo kizima cha kompyuta, na kwenye kona ya chini kulia niliona kitu ambacho hakuna aliyenitajia, yaani saa iliyosoma mwezi Januari 2012. Nilidhani nimelipata jibu, na kwa kweli nilikuwa nimepata nusu yake, tena ya ugonjwa mwingine. Betri ndogo ya duara iliyopo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ndani ya kompyuta, aina ya CR2032, ndiyo inayoitunza saa wakati kompyuta haina umeme, na ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani kila umeme unapokatika au mtu anapoichomoa mashine kwenye ukuta. Antivirusi huwasiliana na seva zake kwa njia iliyofungwa kwa vyeti vya kidijitali, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2012 huvikataa vyeti vilivyotolewa mwaka 2024 kwa hoja kwamba havijaanza kutumika, na ikikataa vyeti, masasisho hayashuki na leseni haihakikiwi. Kijana aliweka tarehe sahihi kwa mkono. Dakika kumi baadaye orodha mpya ya vitisho ilishuka, na onyo moja kati ya mawili yaliyokuwa kwenye dirisha la antivirusi likatoweka. Onyo la ulinzi wa wavuti halikutikisika.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri badala ya kuagiza, na kilichonielekeza ni udogo wa tatizo. Antivirusi ile ina vipande vinne vya ulinzi vinavyoweza kuwashwa na kuzimwa kimoja kimoja: kimoja hukagua mafaili yanapofunguliwa, cha pili huzuia programu zinazofunga mafaili ili kudai fidia, cha tatu huzuia matumizi mabaya ya kasoro za programu nyingine, na cha nne ndicho ulinzi wa wavuti. Vitatu vya kwanza viliwaka bila shida. Kama usakinishaji ungekuwa mbovu, au leseni imeisha, au mashine imekosa nguvu, ningetarajia zaidi ya kipande kimoja kiyumbe. Kilichoanguka kilikuwa kile kimoja tu kinachoshika mtandao, na kilianguka kwa namna ile ile baada ya kusakinishwa mara tatu. Kwa hiyo swali sahihi halikuwa antivirusi ina nini, bali ulinzi wa wavuti unasimama juu ya kitu gani ndani ya Windows ambacho vile vingine vitatu havikihitaji.

Jibu la swali hilo lina historia kidogo. Zamani, programu iliyotaka kuchungulia mawasiliano ya mtandao ndani ya Windows ilijipenyeza yenyewe katika njia ya data kwa mbinu mbalimbali, na programu mbili zikikutana katika mlango mmoja, mara nyingi intaneti yote ilikatika. Kuanzia Windows Vista, Microsoft iliweka jukwaa moja rasmi la kuchuja mawasiliano, Windows Filtering Platform, ambalo kwa kifupi huitwa WFP, na watengenezaji wa antivirusi pamoja na ukuta-moto (firewall) wa Windows wenyewe, ule mlinzi anayeamua mawasiliano yapi yapite, wakaanza kupitisha kanuni zao humo. Jukwaa hilo lina msimamizi wake, huduma inayojiendesha kimya kimya iitwayo Base Filtering Engine, au BFE kama tunavyoiita. Ndiyo inayopokea kanuni kutoka kwa kila programu, kuamua ipi itangulie, na kuzikabidhi kwa sehemu ya ndani ya mfumo inayozitekeleza. Draiva ya ulinzi wa wavuti, yaani programu yake ndogo inayofanya kazi ndani kabisa ya mfumo, inapowaka, jambo la kwanza inalolifanya ni kujiandikisha kwa BFE. Ikimkosa mwenyeji, hubisha hodi kwa muda, kisha huondoka. Ile nusu dakika ya kijani aliyokuwa anaiona mama ndiyo ilikuwa muda wa kubisha hodi.

Siku ya sita nilipanda Coaster kwenda Tukuyu, mwendo wa kama kilomita sabini kupitia Uyole. Nilikuwa na laptopu yangu yenye toleo lile lile la Windows, betri mpya ya CR2032 na flashi iliyofungwa isiandikwe. Mama alinipokea kwa marahaba na chai ya maziwa, akanionyesha kiti, kisha akanionyesha jambo ambalo kwenye simu alilitaja kwa kupita. Kila baada ya dakika chache, kwenye kona ya kioo kilichomoza kijisanduku chenye picha ya ngao nyekundu na maneno ya Kiingereza yanayodai kwamba kompyuta ina virusi vitano, na chini yake kitufe cha kusafisha. Wateja walikuwa wanakibonyeza. Mmoja alikuwa amefika hatua ya kuulizwa namba ya kadi ya benki, na kilichomwokoa ni kwamba hakuwa na kadi. Ulinzi wa wavuti ungekuwa hai, anwani za namna ile zingezuiwa kabla ukurasa haujafunguka.

Kabla ya kuigusa BFE nilipita haraka katika sababu nyingine za kawaida, kwa kuwa dhana nzuri nayo inaweza kumpofusha mtu. Hapakuwa na antivirusi ya pili wala mabaki yake katika orodha ya draiva. Faili la hosts, ambalo programu hasidi hulitumia kuelekeza anwani halali mahali pengine, halikuwa na mstari wowote wa kigeni. Mpangilio wa proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo mawasiliano yanaweza kupitishiwa, ulikuwa mtupu. Kazi hiyo ilichukua robo saa na haikuzaa kitu, na sina la kuongeza juu yake.

Kisha nilifungua mipangilio ya usalama ya Windows kuangalia ukuta-moto, na nikaukuta umezimwa. Nilipojaribu kuuwasha kutoka katika orodha ya huduma, ulijibu kwa hitilafu namba 1068, ambayo maana yake ni kwamba huduma nyingine inayotegemewa na hii imeshindwa kuanza. Kwa maneno mengine, wakati sote tunaitazama antivirusi, mlinzi mwingine wa mtandao katika kompyuta ile ile alikuwa amelala kwa sababu ile ile. Nilifungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi nikaandika sc query bfe. Majibu yalisema kwamba hali ya huduma ni STOPPED, na msimbo wa kutoka (exit code) ni 1077. Msimbo huo unastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa hausemi kwamba huduma ilianza ikaanguka. Unasema kwamba tangu kompyuta iwashwe, huduma haijawahi kuanzishwa kabisa. Amri iliyofuata, sc qc bfe, ilionyesha kwa nini: aina ya kuanza ilikuwa namba 4, yaani imepigwa marufuku. Katika Windows yenye afya namba hiyo ni 2, yaani ianze yenyewe.

Baada ya hapo nilifungua kumbukumbu za matukio za Windows, na hapa ndipo nilipojionea aibu kidogo. Kila siku, kila kompyuta ilipowashwa, palikuwa na tukio namba 7001 likieleza wazi kwamba ukuta-moto unaitegemea Base Filtering Engine na kwamba huduma hiyo haikuweza kuanza kwa sababu imezimwa. Jibu lilikuwa limeandikwa humo tangu kabla mama hajanipigia simu. Lingesomeka kwa picha moja ya WhatsApp kama ningeiomba.

Nataka kulizungumzia kidogo jambo moja ambalo wenzangu huliharakia. Mtu akisikia kwamba sehemu ya Windows haifanyi kazi, huendesha sfc /scannow na kusubiri muujiza. Niliiendesha, na baada ya dakika ishirini ikaniambia kwamba haikukuta ukiukwaji wowote. Haikukosea. Amri hiyo hulinganisha mafaili ya mfumo na nakala zake halisi, na mafaili ya BFE yalikuwa mazima. Kilichoharibika ni maagizo ya namna ya kuyatumia mafaili hayo, ambayo hukaa katika rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na rejista ya huduma si jambo ambalo sfc hulikagua. Jibu safi kutoka kwenye kipimo kisichohusika linaweza kumpoteza mtu kuliko kutokupima.

Katika orodha ya huduma, mahali pa kubadilisha aina ya kuanza kwa BFE palikuwa pamefifia, hapabonyezeki. Nilikwenda kwenye rejista, katika tawi la HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\BFE, nikahifadhi kwanza nakala ya tawi zima, kisha nikabadilisha thamani ya Start kutoka 4 kuwa 2. Nikazima na kuwasha upya. Kijana wa dukani alisimama nyuma yangu, wateja watatu wakawa wanasubiri kopi, na mimi nikaandika tena sc query bfe nikitarajia neno RUNNING.

Ilisema STOPPED. Lakini msimbo sasa ulikuwa 5.

Tofauti kati ya 1077 na 5 ilikuwa habari njema, ingawa mama, aliyeona uso wangu, hakuamini. Namba 5 ina maana ya kunyimwa ruhusa. Huduma sasa ilikuwa imejaribu kuanza, ikafika mlango fulani, ikakatazwa kuingia, na kumbukumbu za matukio zilithibitisha hivyo kwa tukio namba 7023. Tulikuwa tumeondoa kufuli la kwanza na kukuta la pili nyuma yake.

BFE haiendeshwi kwa mamlaka ya msimamizi wala ya mfumo mzima. Huendeshwa kwa akaunti yenye uwezo mdogo, na ili isome na kuandika kanuni zake, Windows huipa ruhusa maalumu kwa jina lake yenyewe, NT SERVICE\BFE, juu ya tawi dogo liitwalo Parameters\Policy. Niliweka laptopu yangu kando ya kompyuta ya mama, nikafungua dirisha la ruhusa la tawi hilo kwenye mashine zote mbili, na kumwita kijana atazame, kwa sababu ni nadra kuuona ugonjwa kwa macho namna hiyo. Kwenye laptopu yangu, katika orodha ya majina, palikuwa na mstari wenye jina BFE. Kwenye kompyuta ya dukani majina mengine yote yalikuwepo na mstari huo haukuwepo. “Kaka, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye hana ufunguo?” aliuliza. Ndivyo ilivyokuwa.

Hapa kuna njia mbili zinazozunguka sana miongoni mwa mafundi, na zote nilizikataa. Ya kwanza ni kunakili tawi zima la BFE kutoka kompyuta nzima na kulipachika kwenye ile mgonjwa. Faili la rejista la namna hiyo hubeba thamani tu, halibebi ruhusa, kwa hiyo lingeniletea tena Start yenye namba 2 na kuuacha mlango ukiwa umefungwa. Tena likitoka kwenye toleo tofauti la Windows linaweza kuleta matatizo mapya. Ya pili ni kumwongeza mtumiaji aitwaye Everyone na kumpa mamlaka yote juu ya tawi la Policy. Hiyo hufanya kazi, na ndiyo maana inapendwa. Lakini kinachofanyika ni kuiruhusu programu yoyote katika kompyuta, hata ile iliyoingia kwa flashi ya mteja, kuandika upya kanuni ambazo ukuta-moto na antivirusi huzitegemea. Ni sawa na kutibu mlango uliokwama kwa kuung'oa.

Niliongeza jina moja tu. Katika dirisha la ruhusa nilichagua kompyuta yenyewe kuwa mahali pa kutafuta, nikaandika NT SERVICE\BFE kwa ukamilifu wake, kisha katika sehemu ya ruhusa za kina nikalipa mambo sita na si zaidi: kusoma thamani, kuandika thamani, kuunda matawi madogo, kuyaorodhesha, kupata taarifa yanapobadilika, na kusoma orodha ya ruhusa yenyewe. Nililinganisha na laptopu yangu mstari kwa mstari. Tukazima na kuwasha upya.

BFE iliwaka. Ukuta-moto ulijiwasha wenyewe bila kuguswa, kwa kuwa haukuwa na kosa lolote isipokuwa kumsubiri mwenzake. Antivirusi ilikaa nyekundu kwa sekunde chache, nusura nikate tamaa, kisha swichi ya ulinzi wa wavuti ikageuka kijani na kubaki kijani. Tulikaa tukiitazama kwa dakika tano nzima bila mtu kusema neno, kama watu wanaosubiri chungu kichemke.

Kijani cha swichi hakinitoshi. Nilifungua ukurasa wa majaribio ulioandaliwa na watengenezaji wa antivirusi ile kwa ajili ya kupima kipande hicho hicho, nao ukazuiwa. Kisha nikajaribu kupakua faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 tu zisizo na madhara yoyote, ambalo antivirusi zote zimekubaliana kulitendea kana kwamba ni kirusi. Nalo lilikamatwa, ingawa ni lazima kutofautisha: faili hilo linaweza kukamatwa na ulinzi wa mafaili hata kama ulinzi wa wavuti umekufa, kwa hiyo peke yake haliwezi kuthibitisha tulichokuwa tunakitafuta. Mwisho nilichomoa umeme ukutani, nikabadilisha betri ya saa, nikawasha, na kuhakikisha kwamba tarehe, BFE na swichi vyote vimebaki mahali pake.

Vijisanduku vya ngao nyekundu viliendelea kuchomoza. Mama aliniangalia kwa jicho la mtu aliyelipa nauli ya fundi bure, na nililazimika kueleza kwamba hivyo ni kitu kingine. Wakati ulinzi umelala, mteja fulani alifungua tovuti iliyoomba kibali cha kutuma arifa, akabonyeza kukubali, na kivinjari kinatunza kibali hicho mpaka mtu akifute. Ulinzi wa wavuti sasa ulikuwa unazuia kurasa zilizo nyuma ya vijisanduku, lakini si vijisanduku vyenyewe. Katika mipangilio ya kivinjari nilikuta tovuti kumi na nne zenye kibali cha arifa, nikazifuta zote, na nikaweka kwamba tovuti zisiruhusiwe hata kuomba.

Lilibaki swali la nani aliizima BFE, kwa kuwa huduma hii haijizimi. Katika diski ya pili ya kompyuta palikuwa na folda iliyoachwa na aliyeuza mashine, na ndani yake faili dogo la amri ambalo mama alilikumbuka vizuri: muuzaji alilibonyeza mbele yake siku ya kukabidhi, akisema kwamba linapunguza uzito wa Windows na kuzuia kula bando. Nililifungua kwa Notepad. Lilikuwa na mistari isiyozidi ishirini. Mmoja ulizima masasisho ya Windows, na huo ndio kweli uliookoa bando. Mwingine ulizima kituo cha usalama, ile huduma ambayo kazi yake ni kumwonya mtumiaji kwamba ukuta-moto haufanyi kazi, na hii ndiyo sababu Windows haikuwahi kulalamika. Na mmoja, karibu na mwisho, uliandika 4 mahali pa 2 kwenye BFE. Intaneti ya kawaida haikatiki kwa kufanya hivyo. Kurasa hufunguka, barua pepe hutumwa, na mashine ya zamani inaweza hata kuonekana nyepesi kidogo. Aliyeandika faili lile hakuwa na nia mbaya kwa ninavyoona, ila alikuwa anapunguza asichokijua.

Lakini faili hilo halikugusa ruhusa. Katika historia ya antivirusi, siku ile ile iliposakinishwa kwa mara ya kwanza, palikuwa na taarifa kwamba imekamata kirusi cha aina ya Trojan ndani ya folda ya kraki iliyotumika kuwashia Office bila leseni. Virusi vinavyofuta au kuharibu huduma za ulinzi za Windows si vipya. Familia moja iliyojulikana kwa jina la ZeroAccess ilisumbua sana mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa kuharibu BFE na ukuta-moto kwa pamoja. Nilimweleza mama waziwazi kwamba kompyuta iliyowahi kukaliwa na kitu cha namna hiyo inastahili kusafishwa kabisa na kuwekewa Windows upya, na kwamba nilichokifanya siku hiyo ni matengenezo, si utakaso. Aliniuliza itachukua muda gani. Nilimwambia siku nzima. Alitazama foleni mlangoni, na tukakubaliana kwamba nitairudia msimu wa maombi ukiisha. Kwa wakati huo nilifanya ukaguzi wa kompyuta ikiwa nje ya Windows, nikafuta nywila zote zilizotunzwa kwenye kivinjari, nyingi zikiwa za wateja wasiojua kwamba zimetunzwa, na mama akabadilisha nywila ya barua pepe ya duka kwa kutumia simu yake. Office tuliibadilisha kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure, na kijana alilalamika kuhusu mpangilio wa vitufe kwa muda wa kama nusu saa.

Nikiwa nafunga mkoba, niliuliza kuhusu kompyuta namba mbili. Mama akasema hiyo haina shida yoyote, haijawahi hata siku moja kuonyesha alama nyekundu. Niliketi tena, nikafungua dirisha la amri nikaandika sc qc bfe, na ikajibu 4. Ilinunuliwa kwa muuzaji yule yule na ilikuwa na faili lile lile, ila haikuwahi kuwekewa ile kraki, na nilipofungua ruhusa za tawi la Policy, mstari wa BFE ulikuwepo kama kawaida. Hapo nikajua kwamba namba 4 ilitoka kwa muuzaji na ufunguo uliopotea ulitoka kwa kirusi, wageni wawili waliopita nyumba moja kwa nyakati tofauti. Kompyuta hii ya pili haikuwa na ukuta-moto kwa miaka yote hiyo, na haikulalamika kwa sababu haikuwa na antivirusi ya kulalamika. Kubadilisha namba 4 kuwa 2, kukirudisha kituo cha usalama na kuwasha upya kulichukua dakika kumi na moja. Kijana ndiye aliyeandika amri, mimi nikiwa namalizia chai.